Uzi: Kijana kaleta simulizi ya safari ya Ukara, tumpe maoni gani zaidi ya "safi mkuu, endelea"?

Mwana wa Igogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wana Mwanza, mwangaluka.

Wiki iliyopita mwenzetu Msafiri Bila Begi alishusha simulizi ya safari yake: meli ya Ziwa Victoria kutoka Mwanza mjini hadi Nansio kisiwani Ukerewe, bodaboda hadi Bugolora, usiku ndani ya mtumbwi wa dagaa, halafu kivuko cha kwenda kisiwa jirani cha Ukara. Ni ndefu na ina raha yake. Nimepitia maoni yote yaliyofuata. Wengi wameandika "safi mkuu, endelea". Wengine, "uzi bila picha haunogi". Kundi la tatu limesema hii ni chai, yaani katunga tu, likaomba na vitafunwa. Halafu kuna bwana mmoja kamsahihishia r na l aya nzima, akamalizia kwa kumwambia arudi darasa la nne.

Basi kijana kanifuata inboksi. Anataka aiongeze, aitengeneze vizuri, pengine aitoe kama kijitabu. Anasema, "Kaka, watu wote hao wamesoma, na sijui hata mmoja alichokea wapi." Kauli hiyo imenikaa. Kaniruhusu tuijadili hapa hadharani na vipande nivinukuu, kwa hiyo hatumsengenyi. Yupo, anasoma.

Msimamo wangu ni huu. Anayeandika safari yake anakumbuka kila kilichotokea, ndiyo maana hawezi kujua kipi kimefika kwenye karatasi na kipi kimebaki kichwani mwake. Wewe msomaji unajua, kwa sababu hukuwepo. Mpe taarifa ya usomaji wako: hapa niliona, hapa nilipotea, hapa nilitamani kuuliza. Ukimtupia hukumu, iwe ya kusifu au ya kuponda, ataipokea, atafurahi au ataumia, kisha atakaa na karatasi yake ileile.

Chukueni sentensi hii, akiwa kwenye meli:

"Mandhari ya ziwa yalikuwa ya kuvutia mno, kwa kweli maneno hayatoshi kuelezea."

Ningeweza kumwambia sentensi imelala. Nikamuuliza: kwenye hiyo meli ulikaa wapi? Kajibu kwamba viti viliisha, akakaa juu ya gunia la michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) la mama mmoja aliyekuwa anapeleka mzigo Nansio. Mama akamwambia kukaa ruksa, ila mpaka tufike wewe ndiye mlinzi, na ukisikia njaa usithubutu. Kumbe! Safari ya saa tatu hivi kijana kaivuka akiwa askari wa gunia, halafu kwenye simulizi katuwekea "mandhari ya kuvutia".

Mwanzo nao. Meli inaondoka kwenye aya ya saba. Aya sita za kwanza ni kuamka, mswaki, kuhesabu nauli, kupanga nguo (na anajiita Msafiri Bila Begi, sasa nguo alizipanga wapi?), mama kumwombea. Hapo sikuwa na swali, nilimwambia wazi: mimi nilianza kukusoma kwa macho yote mawili pale makuli wanapogombana gatini pikipiki ipi ipakiwe kwanza. Ya kabla ya hapo niliyapitia mbiombio. Sijamwambia afute. Wakitokea wasomaji watatu wenye taarifa kama yangu, atajua mwenyewe mkasi upite wapi.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni hiki kipande cha usiku majini:

"Mwezi mpevu uliangaza ziwa lote, na taa za wavuvi wa dagaa zilimetameta mpaka upeo wa macho."

Najua wazee wa chai mlikuwa mnalenga hapa. Mmoja aliandika "chai" akaondoka zake. Sababu anayo, na ni nzito, ila kaondoka nayo mfukoni. Wenye kujua naomba mseme sababu yenyewe, kisha mmuulize kijana. Karibuni.

---

Kobe wa Pasiansi

Nimekaa siti ya mbele.

Mleta uzi, unalea. Kwetu ugali ukiwa mbichi mpishi anaambiwa mbichi, haulizwi "je, moto ulikuwaje?" Sehemu ya gesti ya Nansio ni mbovu. Neti imetoboka, maji ya kuoga baridi, jirani anakoroma, aya nne nzima. Nani humu hajalala gesti ya namna hiyo? Kwa maswali yako ya upole mtafika mwakani. Na hao wa "safi mkuu" wanamvika kilemba cha ukoka tu.

---

Mwana wa Igogo

Mkuu, umetaja mahali, umetaja kilichokuchosha na umetaja sababu, kwamba kila mtu keshalala gesti hiyo. Hapo Msafiri ana cha kushika. Neno "mbovu" ukilitoa hakuna kitakachopungua.

---

Kobe wa Pasiansi

Silitoi.

---

Mzee wa Mwaloni

Vijana, marahaba, maana najua mlikuwa njiani kunisalimu.

Nimevua dagaa miaka mingi kabla mgongo haujagoma, kwa hiyo hiyo sababu nitaisema mimi. Dagaa wanavuliwa gizani. Taa zinashushwa majini juu ya maelea, dagaa wanafuata mwanga, unasubiri wajikusanye, kisha taa unazivuta polepole zije kwenye wavu. Enzi zetu zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi vijana wana taa za betri na sola. Kanuni ni ileile: taa yako ina nguvu kwa kuwa pote kwingine ni giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa hawana haja ya kuja kwako. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mialo inapoa. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanaenda kusalimia wakwe.

Sasa kijana kaandika mwezi mpevu, na taa zimejaa mpaka upeo wa macho. Mvuvi yeyote akisoma hapo anatoka, na akitoka harudi, hata mbele uliandika ukweli mtupu.

Lakini kuna kitu kinanizuia kusema hakwenda. Mbele kidogo kaandika kwamba wavu ulipoinuliwa alisikia sauti "kama mvua kwenye mabati, ila ipo chini." Hiyo huwezi kuitunga ukiwa umekaa Nyegezi. Ni mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo kijana wangu, nakuuliza: huo mwezi uliuona saa ngapi?

---

Msafiri Bila Begi

Shikamoo mzee. Wakuu wote, nipo.

Tuliingia majini jioni, kagiza ndiyo kanaanza. Giza lilipokolea sikuona hata mkono wangu, ni taa tu, zetu na za wenzetu, nyingi kweli. Hiyo ya taa mpaka upeo wa macho ni hapo. Mwezi ulitoka usiku wa manane, mwekundu, umeliwa nusu. Nahodha aliutazama akasema tumalizie hili la mwisho. Baada ya hapo zile taa za mbali zikaanza kupungua, nyingine zinazimwa, nyingine zinasogea kuelekea nchi kavu. Nusu mwezi niliona hauna mvuto, nikaandika mpevu, na hivyo vitu viwili nikavitia sentensi moja ili iende haraka.

---

Mwana wa Igogo

Mnaona? Aliyeandika "chai" angetufanya tuikose hii. Mwezi unatoka, mtu mmoja anautazama, na kazi ya ziwa zima inaanza kufungwa. Ilikuwa imejificha nyuma ya nusu sentensi.

Wale wa "safi mkuu" nao wangeikosa vilevile.

---

Mwalimu Mstaafu

Habari za humu. Ni mimi niliyesahihisha r na l. Ile ya darasa la nne haikuwa yangu, ni ya aliyenifuatia, mleta uzi asituunganishe.

Tahajia ina nafasi yake. Msomaji akikutana na "kurara", "nilirudi" na "niriludi" ndani ya ukurasa mmoja, anaanza kuhesabu makosa na anaacha kusikiliza. Ila nakiri mpangilio: hakuna maana ya kupiga rangi ukuta ambao kesho unabomolewa. Kama zile aya sita za mwanzo zinaweza kuondoka, kwa nini nizisahihishe leo?

Nina jambo zito zaidi ya herufi. Mazungumzo. Ndani ya mtumbwi, usiku, upepo umebadilika, nahodha anasema: "Tafadhali zingatieni usalama wenu na muwe watulivu." Mvuvi gani huyo? Hilo ni tangazo la uwanja wa ndege. Msafiri, kumbuka alichosema, au kama hukumbuki neno kwa neno, kumbuka alifanya nini na mikono.

Na masahihisho ya r na l yasiguse maneno ya watu unaowanukuu. Mama wa michembe aongee kama alivyoongea. Wewe msimulizi ndiye uvae suti.

---

Msafiri Bila Begi

Mwalimu, alisema "Kaeni chini!" basi. Na neno jingine la Kikerewe ambalo wale wawili walilicheka, mimi sikuambiwa maana yake mpaka leo.

---

Mwalimu Mstaafu

Liandike hivyohivyo. Kwamba walicheka na hukuambiwa.

---

Nyakato Kona

Mimi nina dogo tu. Kuna mahali anasema alijisikia kama Speke, yule mpelelezi Mwingereza "aliyegundua ziwa". Speke alifika hapa Mwanza Agosti 1858, na watu aliowakuta walikuwa wanakula samaki wa ziwa hilohilo. Ukiwa unavuka kwenda Ukerewe, ghuba nzima kwenye ramani ina jina lake, sasa na wewe mwana wa Buzuruga unamwongezea? Toa. Hakuna kitakachoanguka.

---

Daktari wa Jirani

Aya ya ufukweni anawaambia wasomaji "ukifika usiache kuogelea hapa kando penye majani, maji yametulia vizuri". Maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani, ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Aliogelea, sawa, asimulie. Kutushauri nasi tuogelee ni kitu kingine. Msomaji wa simulizi za safari huwa anafuata nyayo, hasa mgeni.

---

Binti wa Bwisya

Wakuu, habari zenu. Huwa nasoma tu bila kuchangia, ila hii inahusu nyumbani.

Simulizi nimeipenda. Alivyoeleza mashamba ya Ukara, kila kipande kimelimwa, ng'ombe wanalishwa zizini, samadi inabebwa hadi shambani, hapo niliiona njia ya kwa bibi yangu kabisa. Watu wengi wakija wanaandika lile jiwe linalocheza tu, wanageuza.

Ila kuna mstari. Yuko kwenye kivuko kutoka Bugolora, watu ni wengi, anaandika: "Kilijaa mpaka nikasema leo tunaenda kuwasalimia samaki." Anaweka na alama za kicheko.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka hukohuko Bugolora, kilipinduka kikiwa kimekaribia Bwisya, gati letu la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 200. Kulikuwa na gulio siku hiyo, watu walikuwa na mizigo yao. Wengine wamezikwa palepale Bwisya, unashuka kivukoni na makaburi hayako mbali. Simulizi nzima haina hata mstari mmoja juu ya hilo, ina huo wa samaki.

Sisemi hakwenda kwa heri. Nasema mimi nilifika hapo nikafunga simu, nikarudi kesho yake. Kama taarifa ya usomaji ndiyo inayotakiwa, yangu ni hiyo.

---

Kobe wa Pasiansi

Dada, pole. Lakini tuseme ukweli, wavukaji wenyewe wanatania. Mimi navuka mara kwa mara, na utani wa aina hiyo nausikia kwa abiria kabla kamba haijafunguliwa. Tukimkataza kijana utani tutapata simulizi ya mahubiri.

---

Binti wa Bwisya

Anayetania akiwa ndani ya kivuko, na mtu wake kazikwa Bwisya, anajua anachokifanya. Wanaomsikia pia wanajua. Msomaji wa Songea hajui, yeye anaona kicheko tu.

---

Nyakato Kona

Hapa Mwanza pia tuna Igoma, makaburi ya waliokufa kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996. Baba mkubwa wangu mpaka anafariki alikuwa hapandi meli, ila vichekesho vya meli ndiye aliyekuwa navyo vingi kuliko wote kwenye ukoo. Sijui upande wa kukaa kwenye hili.

---

Mwana wa Igogo

Na mimi sitaamua. Binti wa Bwisya hakumwambia afute, ukisoma vizuri. Kasema alifunga simu wapi. Mwenye simulizi ndiye atakayeamua, na akiamua kuubakiza, sasa ataubakiza akijua nani anasoma.

Niongeze moja, kwa wote tunaotoa maoni. Nimeona watu wawili inboksi wameshamwandikia upya kipande cha upepo, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja kaweka mamba. Jamani, mamba wa nini? Ile safari ni yake. Ukishamwandikia sentensi, umemfunga kwenye sauti yako, na atakaa anajiuliza kama aipokee kwa adabu au aitupe kwa siri. Mwambie hapo kwenye upepo sikujua mtumbwi unaelekea wapi, nchi kavu iko upande gani, na injini ilikuwa inawaka au imezimwa. Atarudi kichwani mwake kuchukua majibu, kule ambako wewe huwezi kuingia.

---

Mzee wa Mwaloni

Hilo la upepo ni kweli. Mgeni anaweza kudhani dhoruba za usiku kaziongeza chumvi. Hajaongeza. Ziwa hili radi zake nyingi ni za usiku na alfajiri. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, na mawingu yanajengeka juu ya maji wakati watu wa mjini wamelala. Kwa hiyo wale mliosema "dhoruba ya saa tisa usiku ni ya sinema", hapana.

Lakini kweli hata mimi sikujua nchi kavu ilikuwa upande gani. Na mvuvi hilo ndilo la kwanza analojua.

---

Msafiri Bila Begi

Wakuu, nimesoma yote. La kivuko nitakaa nalo kwanza, dada wa Bwisya nimekuandikia inboksi. Gesti nimeikata, Kobe ufurahi. Speke kashuka. Kuogelea nimebakiza niliyoyafanya, ushauri nimeutoa.

Kipande cha mwezi nimekijaribu upya jana, naomba mkisome jinsi mlivyosema, mniambie mnakwama wapi:

"Mpaka usiku wa manane kulikuwa na taa tu. Zetu zilielea hatua chache kutoka ubavuni, na mbali zaidi kulikuwa na nyingine, nikadhani ni mji. Nikamuuliza nahodha ule ni mji gani, akasema ule ni Bugolora nzima imehamia majini. Alikuwa anatafuna muhogo mbichi. Kisha akaacha kutafuna. Upande wa kushoto kwangu mwezi ulikuwa umechungulia, mwekundu, nusu yake haipo. 'Hili la mwisho,' akasema, na yule kijana wa mbele akaanza kuvuta taa bila kuambiwa. Tulipoinua wavu, ule mji ulikuwa umeanza kuhama. Nilihesabu taa nane zikielekea nchi kavu, halafu zikanichanganya nikaacha. Mvuvi wa tatu alikuwa amelala muda wote huo juu ya kamba. Alifumbua macho, akauona mwezi, akatukana, akalala tena."

---

Kobe wa Pasiansi

Huyo wa tatu nampenda. Ongeza huyo.

---

Mwalimu Mstaafu

Herufi zote ziko mahali pake. Nimetafuta.

---

Binti wa Bwisya

Nimeisoma mara mbili. "Bugolora nzima imehamia majini", ndivyo wanavyoongea kweli. Nilikwama mahali pamoja, "upande wa kushoto kwangu". Sijui ulikuwa umeelekea wapi, kwa hiyo kushoto hakunisaidii. Ungesema mwezi ulitokea juu ya nini, kisiwa au maji matupu?

---

Mzee wa Mwaloni

Hapo sasa nipo ndani ya mtumbwi. Wabheja sana kijana wangu.

Nina mawili. Mtumbwi una nahodha, kijana wa mbele, na huyo wa tatu analala kazini. Mvuvi wa dagaa halali kabla wavu haujainuliwa mara ya kwanza, sasa huyo alikuwa nani, mwenye mtumbwi? Na la pili: wewe mgeni walikupakia kwa makubaliano gani? Mafuta ya injini yana bei, na mtu asiyevuta kamba ni mzigo. Ulilipa, au kuna kazi ulipewa usiku ule ambayo hujatusimulia?